Maabara ya chuo Dodoma: tupunguze maji, umeme na taka za kemikali tukianzia wapi?

sanifu_dodoma

Habari za kazi wakuu.

Naomba mawazo ya watu wa maabara, hasa mlioko Dodoma, Singida na kanda ya kati kwa jumla. Idara imeagizwa kuandaa mpango wa kufanya maabara za utafiti zisiumize mazingira. Nimesoma miongozo ya nje, ikiwemo LEAF iliyoanzishwa na chuo cha UCL cha London na ile ya My Green Lab ya Marekani. Ni mizuri, lakini imeandikwa kwa majengo yanayopashwa joto au kupozwa mwaka mzima. Ndiyo maana inasisitiza kushusha kioo cha kabati la kuvutia mvuke wa kemikali: kila feni inapovuta, inatupa nje hewa iliyopozwa kwa gharama. Maabara yetu madirisha yako wazi muda mwingi. Hewa inayotoka haijalipiwa chochote, mbali na umeme wa feni yenyewe.

Tunachofanya ni vipimo vya chakula, udongo na maji. Tuna mashine ya umeme ya kukeneka maji, Soxhlet ya nafasi 6 (inatoa mafuta ya alizeti na karanga kwa kiyeyushi kinachochemka, kama heksani), Kjeldahl ya kupima protini, HPLC moja (mashine ya kutenganisha na kupima kemikali) kwa ajili ya sumukuvu, friza mbili za −80, autoklevu ya kusimama (chungu cha mvuke cha kuua vijidudu), oveni na tanuru. Maji yetu ni magumu, yana chokaa nyingi, na kuna siku hayatoki kabisa.

Fedha ya kununua mashine mpya haipo mwaka huu. Nataka kujua kipi kinaleta tofauti kubwa zaidi kwa mazingira ya hapa, friza zishushwe au zipandishwe kiasi gani, plastiki tufanyeje, na viyeyushi vilivyotumika viende wapi. Kwa sasa vinajazwa kwenye dumu moja.

kisimakirefu

Mkuu, anza na maji. Na kwenye maji usianze na mabango ya "funga koki". Anza na maji ya kupozea, kwa sababu hayo ndiyo yanayokimbilia sinkini saa nzima na saa nyingine bila kuchafuliwa na kitu chochote. Dodoma inapata mvua ya wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na mji umetegemea visima vya Mzakwe kwa miongo mingi. Lita moja safi inayomwagwa hapa si sawa na lita moja inayomwagwa London.

Pita maabara ukiwa na ndoo ya lita 10 na saa. Kila mpira unaomwaga kwenye sinki uelekeze kwenye ndoo, hesabu sekunde mpaka ijae, kisha zidisha kwa saa ambazo kifaa hicho hufanya kazi kwa wiki. Kazi ya asubuhi moja, na utapata orodha ambayo hakuna mwongozo wa nje ungekupa.

Mashine ya kukeneka itakuwa juu kwenye orodha. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunakula takriban uniti 0.72 za umeme, na karibu joto lote hilo lazima liondolewe na maji ya bomba. Yakiingia kwenye kondensa (bomba la kupoza mvuke) yakiwa nyuzi 25 na kutoka yakiwa 65, unahitaji kama lita 14 za kupozea kwa kila lita moja iliyokenekwa. Mashine ya lita 4 kwa saa, ikiwashwa saa 6, inakupa lita 24 na kumwaga zaidi ya lita 330. Mpira wa kutoka uingize kwenye simtanki badala ya sinki. Maji hayo ni ya moto na safi kama yalivyotoka bombani, yatumieni kuoshea vyombo na kudekia. Ukikuta yanatoka ya uvuguvugu tu, koki imefunguliwa kupita kiasi. Punguza mpaka yatoke ya moto wa kuchoma mkono, ila mvuke usianze kuponyoka kwenye tundu la hewa.

Pia angalieni nani anatumia maji hayo kwa kazi gani. Kwa ISO 3696, kiwango cha kimataifa cha maji ya maabara, maji ya daraja la 3 yanaruhusiwa kupitisha umeme hadi µS/cm 5, na hayo yanatosha kwa kazi nyingi za mafunzo na kusuuzia vyombo. Maji ya HPLC ni habari nyingine.

Kwa maji magumu, hita inavaa utando wa chokaa, joto halipiti vizuri, na mwisho hita inaungua. Gramu 50 za asidi ya sitriki kwa lita moja ya maji ya vuguvugu, iachwe dakika 30 hadi 60, kisha isuuzwe. Fanyeni hivyo utando ukiwa bado mwembamba. Ukishakuwa ganda mtaishia kugonga kwa chuma na kuiharibu hita. Msichanganye kabisa asidi hiyo na Jiki, maana inatoa gesi ya klorini.

Sasa Soxhlet. Mistari miwili ya kondensa tatu tatu, kila mstari lita 1 kwa dakika, kwa saa 6, ni lita 720 kwa mkupuo mmoja. Hapa suluhisho ni la bei ndogo: tanki, pampu ndogo ya kuzamisha na mipira ya milimita 8 au 10. Hesabu ya tanki iko hivi. Hita 6 za wati 250 ni kilowati 1.5, kwa saa 6 ni uniti 9. Joto hilo lote likiingia kwenye lita 500, maji yanapanda kama nyuzi 15. Kwenye lita 1,000 yanapanda chini ya nyuzi 8. Kwa hiyo chukua la lita 1,000, liweke nje upande wenye kivuli. Usiku hewa ya Dodoma ni kavu na ina ubaridi, na ukiyarudisha maji kwa kuyanyunyiza juu ya tanki badala ya kuyazamisha, yanapoa kwa kuvukiza kama maji ya mtungini. Funika kwa wavu wa mbu.

Mambo yanayoharibika ni haya. Pampu nyingi za bei nafuu zinapandisha maji mita 2 tu, hivyo kondensa zikiwa juu sana mtiririko unakuwa wa matone. Pima kwa ndoo ukiwa umeshaunga kila kitu. Maji yaingie kwenye kondensa kwa chini na kutoka kwa juu, la sivyo hewa inabaki ndani. Tanki liwe jeusi, la sivyo mwani unaziba pampu. Na hili ni la usalama: pampu na hita ziwe kwenye mstari mmoja wa umeme ili umeme ukikatika na kurudi, vyote vifuatane. Hiyo haikulindi pampu ikiziba huku hita ikiendelea, kwa hiyo weka kigurudumu cha kuonyesha mtiririko mahali pa kuonekana, na mtu asiondoke. Mvuke wa heksani ukitoka bila kupozwa chumbani kwenye hita za umeme, huo ni moto.

Kama kuna anayevuta vakyumu kwa kufungua bomba, mwondoleeni kifaa hicho. Kinakula lita 10 kwa dakika, yaani lita 600 kwa saa. Pampu ya daiaframu ya wati 100 hivi inafanya kazi hiyohiyo.

fundi_friza

Naongezea kwenye umeme. Friza ya −80 ya zamani inaweza kula uniti 16 hadi 20 na zaidi kwa siku. Mpya zilizotengenezwa kwa matumizi madogo zinashuka hadi 7 au 10. Usikisie. Chomeka mita ndogo ya soketi kwa siku 7 mfululizo, andika uniti.

Kupandisha kutoka −80 hadi −70 kunapunguza umeme kwa kati ya robo na theluthi moja, na kompresa haichoki haraka. DNA, bakteria kwenye gliseroli na sampuli nyingi za udongo na mimea zinakaa salama kwenye −70. RNA ya kutunzwa miaka mingi, virusi na baadhi ya vimeng'enya, muulizeni mwenye sampuli kwanza na mwandike jibu lake. Pandisheni nyuzi 5 kwa wiki, mkiwa na kipimajoto cha pembeni ndani ya boksi la katikati, kwa sababu namba ya mlangoni ni ya kihisi kimoja tu. Kengele ihamishwe pia: ikiwa imekaa karibu sana na −70, italia kila mlango ukifunguliwa, na watu wataizima kabisa. Iwekeni −60.

Ila faida kubwa kuliko hiyo ni friza mbili zilizojaa nusu nusu kuwa moja. Bila daftari la sampuli hilo haliwezekani, kwa hiyo daftari ndilo la kwanza: rafu, boksi, mwenye mali, tarehe, na tarehe ya kutupa. Boksi lisilo na jina lipigwe picha, tangazo litoke, lipewe mwezi mmoja.

Vumbi la kwetu ndilo adui. Kuanzia Juni mpaka Oktoba upepo unajaza chujio la mbele la friza kwa wiki chache. Koili ikishindwa kupumua kompresa haizimi, na umeme unapanda bila mtu kujua. Chujio lioshwe kila baada ya wiki mbili majira hayo, likauke kabisa kabla ya kurudishwa. Nyuma na pembeni acheni nafasi ya sentimita 15 hadi 20. Mpira wa mlango ujaribuni kwa karatasi: ifungie mlangoni, ivute, ikitoka bila kukaza, hewa ya moto inaingia hapo na barafu itajikusanya hapohapo. Barafu ikwanguliwe kwa ubao au plastiki, kamwe si kwa kisu.

Oveni ya kukaushia vyombo nayo haina kazi Dodoma kwa miezi mingi ya mwaka. Hewa ni kavu. Vyombo vikipinduliwa kwenye rafu ya matundu jioni, asubuhi vimekauka, mkivifunika kitambaa chepesi kuzuia vumbi. Chupa za ujazo maalumu nazo zikaushwe hivyohivyo, si kwenye oveni ya moto, zinaweza kupoteza usahihi. Oveni ibaki ya kupima unyevu kwa nyuzi 105, na tanuru la majivu la 550 liwashwe likiwa limejaa, si kwa vikombe viwili.

mama_petri

Nakubaliana na wote, ila naomba tuwe waangalifu kwenye plastiki. Ushauri wa "rudini kwenye vioo" unafaa mahali penye maji. Hapa sahani za petri za kioo zinaokoa plastiki na zinakula maji, kwa hiyo kabla ya kubadilisha, badilisheni namna ya kuosha.

Koki iliyofunguliwa inatoa lita 6 hadi 8 kwa dakika. Tumieni diaba tatu: ya sabuni, ya kusuuza kwanza, ya kusuuza pili. Ya pili ikichafuka inakuwa ya kwanza, na ya kwanza inakwenda kudekia. Baada ya hapo chupa ya kubinya yenye maji yaliyokenekwa, mara tatu kidogo kidogo. Hesabu inaonyesha kwa nini. Chukua flaski inayobakiza mililita 1 ya uchafu ukutani. Ukiisuuza mara moja kwa mililita 75, unabakiza sehemu 1 kati ya 76. Ukiisuuza mara tatu kwa mililita 25 kila mara, unabakiza sehemu 1 kati ya 17,576. Maji ni yaleyale. Kwa sahani na mirija ya vijidudu, autoklevu inatangulia, kuosha kunafuata; kamwe msigeuze.

Sahani za kioo zikishaoshwa zinaweza kusafishwa vijidudu kwa joto kavu: nyuzi 160 kwa saa 2, zikiwa zimefungwa kwenye karatasi au kopo la chuma. Muda uhesabiwe kuanzia sahani za katikati zilipofika 160, si oveni ilipofika. Kusanyeni za wiki nzima, oveni iwashwe mara moja.

Autoklevu ina jambo ambalo wengi wanalipita. Vitabu vinasema shinikizo la psi 15 (paundi kwa inchi ya mraba) kwa dakika 15, lakini hiyo ni hesabu ya usawa wa bahari. Dodoma iko mita 1,100 na kitu juu ya bahari, na hewa hapa inakandamiza kama psi 12.9 badala ya 14.7. Geji ikisoma 15, ndani kuna takriban nyuzi 119, si 121. Kufika 121 geji inatakiwa isome karibu 17. Kama vali ya usalama ya autoklevu yenu haijatengenezwa kwa hiyo, msiilazimishe, ongezeni muda. Kwa nyuzi 119 dakika 25 zinafanya kazi ya dakika 15 za 121. Naandika hili kwenye mjadala wa mazingira kwa sababu midia (chakula cha kuoteshea vijidudu) iliyoota ukungu ni umeme, maji na agari vilivyotupwa, na baada ya hapo watu wanakimbilia sahani za plastiki zilizokuja tayari.

Na acheni mvuke utoke kwa nguvu dakika 5 kabla ya kufunga vali. Hewa ikibaki ndani, geji inapanda lakini joto halipandi. Chupa msizijaze zaidi ya robo tatu, na mizigo ya watu wawili iunganishwe: kuipasha autoklevu mara mbili kunakula umeme zaidi kuliko mara moja ikiwa na mizigo yote.

Plastiki ambazo mnaweza kuacha mara moja bila kupoteza chochote: visahani vya kupimia uzito (karatasi ya nta au bika ndogo inatosha) na boksi za ncha za pipeti (nunueni ncha za mfuko, mjaze boksi lilelile, mpitishe kwenye autoklevu). Mirija ya mililita 50 ioshwe kwa kazi za udongo. Kwa sumukuvu msirudie mirija ya plastiki, sumu inaweza kung'ang'ania ukutani na kuingia kwenye sampuli inayofuata.

sanifu_dodoma

Nashukuru sana wakuu. Hilo la psi 17 litabandikwa ukutani kesho. Mnisaidie mawili. Fundi, umeme ukikatika saa nyingi, friza iliyopandishwa hadi −70 haitayeyuka mapema? Na bado sijapata jibu la dumu la viyeyushi. Ndani yake kuna heksani, methanoli, asetonitrili, na nadhani klorofomu pia.

fundi_friza

Itafika −50 mapema kidogo, ndiyo, kwa sababu imeanza nyuzi 10 juu. Lakini kinachoamua zaidi ni ujazo. Friza yenye nafasi tupu inapoteza ubaridi haraka. Jazeni nafasi hizo kwa chupa za plastiki zenye maji robo tatu, kwa sababu maji yanatanuka yakiganda. Ziingizeni chache chache kwa siku kadhaa, mkizirundika zote mara moja zitapandisha joto la sampuli. Umeme ukikatika mlango usifunguliwe hata kwa kuangalia.

Hatari kubwa zaidi ni umeme unaporudi. Kompresa ikiwashwa papo hapo wakati shinikizo la gesi halijatulia, inakwama, inavuta mkondo mkubwa na kuungua. Wekeni kifaa cha kuchelewesha cha dakika 5 hivi, chenye kukata pia volti ikiwa ya juu au ya chini mno. Friza mbili zichelewe kwa muda tofauti ili zisiwake pamoja.

mkemia_singida

Dumu moja ndilo tatizo, mkuu. Klorofomu ikishaingia, dumu zima limekuwa taka yenye klorini, ngumu kuchakatwa, na hamwezi kurudisha hata heksani iliyokuwa safi. Kuanzia leo hilo lililopo lifungeni, liandikwe kila kilichomo mnachokijua pamoja na "inawezekana klorofomu", na lisiongezwe kitu. Msilichome shimoni. Klorofomu ikiungua ovyo inatoa asidi ya haidrokloriki na inaweza kutoa fosijini, gesi ya sumu kali. Msiiache pia ivukie kwenye kabati la mvuke, hiyo ni kuihamishia kwa majirani.

Madumu mapya yawe matano: viyeyushi visivyo na klorini, vyenye klorini, maji yenye metali (kromiamu, fedha, shaba), zebaki peke yake, na asidi zinazooksidisha kama ya naitriki peke yake. Hili la mwisho halina mjadala. Asidi ya naitriki ikikutana na methanoli au asetoni inatengeneza gesi na joto, wakati mwingine baada ya saa kadhaa, na dumu lililofungwa linapasuka usiku. Jazeni mwisho robo tatu. Jua la Dodoma linatanua viyeyushi. Kila dumu likae ndani ya karai la plastiki linaloweza kubeba ujazo wote likivuja. Lebo iandikwe siku dumu linapofunguliwa, na kila anayemimina aandike jina la kemikali, kiasi na tarehe. Kwa uchukuzi, anayebeba lazima awe na kibali cha kubeba taka hatarishi kutoka mamlaka za mazingira, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo ya kuwasiliana nayo kuhusu kemikali zilizokwisha muda.

Sasa, taka nafuu kuliko zote ni ile isiyotengenezwa, na kwenye Soxhlet mnaweza kurudisha sehemu kubwa ya heksani bila kununua kitu. Mzunguko wa mwisho ukishanyonya, zimeni hita, ikipoa toeni katriji ya sampuli, kisha washeni tena muendelee kuchemsha. Heksani safi itajikusanya kwenye chumba cha kati. Kabla haijafika kimo cha kunyonya, zimeni na kuimimina kwenye chupa. Rudieni mpaka ndani ya flaski yabaki mafuta na heksani kidogo. Msikaushe kabisa juu ya hita, mafuta ya alizeti yanaungua na uzito unaharibika. Malizieni kwenye rotavepa (kifaa cha kuvukiza kiyeyushi kwa vakyumu), ndani ya kabati la mvuke.

Heksani iliyorudishwa ipimeni kabla ya kuitumia tena: mililita 100 zivukizwe kwenye kikombe kilichopimwa uzito. Zikiacha zaidi ya miligramu 1, ni ya kusuuzia vyombo. Zikiacha chini ya hapo, itumieni kwa mafuta tena, mkiweka flaski moja isiyo na sampuli katika kila mkupuo. Isipelekwe kwenye HPLC.

Kwenye HPLC yenyewe, safu (bomba la kutenganishia kemikali) ya kipenyo cha milimita 4.6 inatumia mililita 1 kwa dakika, karibu nusu lita kwa siku ya saa 8. Safu ya 2.1 inahitaji kama 0.2 tu. Lakini kwenye mashine ya zamani mirija na seli ya kigunduzi ni pana, vilele vya grafu vinatanuka na sumukuvu ya kiwango kidogo mnaweza kuikosa. Njia ya kati ni safu ya milimita 3.0 kwa 0.4 kwa dakika. Hiyo mashine nyingi zinaivumilia. Kwa sumukuvu jaribuni pia maji na methanoli bila asetonitrili. Shinikizo litapanda, kwa hiyo angalieni kikomo cha pampu na mpashe safu hadi 35 au 40. Mwisho wa siku suuzeni kisha zimeni, pampu isiachwe ikikimbia usiku kucha.

Kjeldahl: kichocheo kiwe salfeti ya shaba, si zebaki wala seleni. Na kondensa yake isitumie tanki moja na Soxhlet. Asidi ya boriki inayopokea ikipata joto, amonia inatoroka na protini inasomeka ndogo.

Kwa maji ya visima mnaopima kloridi kwa nitrati ya fedha na kromati, punguzeni sampuli kutoka mililita 100 hadi 10 au 20 kwa bureti ndogo. Visima vingi vya huku vina chumvi ya kutosha kusomeka. Taka yake ni kromiamu ya hatari na fedha kwa pamoja. COD (kipimo cha oksijeni inayohitajika kuoksidisha uchafu wa majini) nayo fanyeni kwa mirija iliyofungwa ya mililita 2 za sampuli badala ya kuchemsha flaski nzima, maana kila mrija una zebaki, fedha na dikromati. Maji taka ya mji yanaishia kwenye mabwawa ya Swaswa, na mabwawa hayo yanategemea bakteria kusafisha. Metali hizi haziozi. Zinatuama kwenye tope.

Asidi na alkali zisizo na metali ndizo pekee za kumaliza wenyewe: asidi ndani ya maji mengi, taratibu, kisha baikaboneti mpaka pH iwe kati ya 6.5 na 8.5.

kisimakirefu

Kuna kitu sikugusa, maji ya mvua. Paa la mita za mraba 400 kwa mvua ya milimita 550, ukitoa asilimia 20 ya kupotea, ni lita 176,000 kwa mwaka. Hamna tanki la kuhifadhi hizo zote, na si lazima. Mvua haina chokaa. Hata lita 5,000 zikitengwa kwa mashine ya kukeneka na tanki la kupozea, hita inakaa safi miezi mingi zaidi. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi imwagwe, imebeba vumbi na kinyesi cha ndege. Wekeni bomba la kusimama lenye kizibo chini, linajaa maji machafu kwanza ndipo masafi yanapita kwenda tankini. Mwongozo wa nje ukikuambia ukinge maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi, fanyeni hivyo masika tu. Kiangazi hewa ya hapa haina unyevu wa kukudondoshea ndoo.

Na mwaka mtakaponunua friza kupitia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, kwenye vipimo vya zabuni andikeni kikomo cha uniti kwa siku kwenye −75 na joto la chumba. Msipoandika, bei ya chini ndiyo itakayoshinda na umeme mtalipa miaka 15.

sanifu_dodoma

Ubarikiwe mkemia, na wengine wote. La mwisho: baadhi ya wanafunzi wanatumia etha ya petroli ya 40–60 badala ya heksani. Tanki la kupozea litafaa?

mkemia_singida

Hapana. Kondensa inataka maji yaliyo angalau nyuzi 20 chini ya mvuke. Heksani inachemka kwa 69 usawa wa bahari, hapa kama 65, kwa hiyo maji ya 35 bado yanaishika. Etha ya 40–60 hapa inaanza kuchemka chini ya 40. Maji ya tanki yakifika 28 mchana, nyingi inapotea hewani na chumba kinakuwa hatari. Wahamishieni heksani, au bora heptani: haina sumu ya neva ya heksani na inachemka juu zaidi, hivyo haipotei kirahisi. Itachukua muda zaidi kukauka. Kabla ya kubadilisha, endesheni sampuli zilezile kwa viyeyushi vyote viwili, mara tatu tatu, mlinganishe asilimia ya mafuta.